Waya Uliolegea

Amplifaya ilizima tena, na moto ulikuwa umeshaingia kwenye miwa.

Khisa alikuwa amekuja Kabras na pikapu yake kutangaza harambee ya kanisa. Miaka ile miwa ilipandwa hadi mlangoni mwa watu, na wakataji waliokuwa katikati ya shamba hawakuweza kuona moto unatoka wapi. Vipaza sauti vyake tu ndivyo vingewafikia.

Alikagua fyuzi, akaikuta nzima. Akaufuata waya mweusi hadi ulipofungwa kwenye bodi ya gari. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu. Akaukandamiza kwa kidole gumba. Vipaza sauti vikakoroma.

"Kimbieni mtoni! Mtoni, jamani!"

Waya ukapata moto. Ngozi ya kidole ikaanza kunuka, lakini hakuuachilia.

Ndipo upepo ukageuka. Moshi uliokuwa ukimjia usoni ukamwacha, ukateremka kuelekea mtoni, na ndimi za moto zikaufuata.

"Rudini! Njooni huku barabarani!"

Amplifaya ilikuwa imezima. Akakwaruza kutu kwa kucha, akakandamiza, akakandamiza tena.

Ndani ya miwa, mwanamke mmoja alikuwa akiwahimiza wenzake: "Twendeni! Amesema mtoni!"