Kiberiti cha Magoti

Mganga wa Kichina alimtazama Saumu ulimi, akampima mapigo, akasema magoti yameingiwa na baridi. Anywe kiberiti, kina joto. Mama mtu, kwa haraka ya kumponya mwanawe, alirudi nyumbani akakwangua vichwa vya njiti, akakoroga kwenye uji.

Saumu alinusa kikombe, akakiweka chini.

"Mama, hiki si cha kuwashia jiko? Mganga alisema kiberiti cha dawa, unga wa manjano wa kwenye kopo. Nilimuuliza."

"Ulimuuliza saa ngapi?"

"Uliponiambia nifunge mdomo."

Mama mtu alicheka, akatoka uani kifua mbele.

"Jamani, njiti ni sumu! Ulizeni kwanza, kama mwanangu!"

Ng'ambo ya ua, jirani aliyekuwa naye akikwangua njiti aliacha.