Fukusi Kwenye Ungo

Tangu kampuni ya Bi Tabu ihamie jengo kubwa, mji mzima ulinong'ona kwamba maharage yake nayo siku hizi yanapuliziwa dawa ya kuua wadudu. Jina jema la miaka ishirini lilikuwa likimponyoka hivihivi.

Asubuhi moja Mama Siwema, mteja wake wa kwanza kabisa, aliingia dukani na ungo kwapani. Hata salamu hakutoa. Alifungua mfuko mmoja wa dukani, wenye picha ya Bi Tabu, akamwaga maharage unguni, akapeta. Bi Tabu akasogea kutazama.

Fukusi mmoja akachomoza, akakwea ukingo wa ungo.

"Yu hai!" Mama Siwema akaangua kicheko. "Penye sumu angeishije huyu? Nipimie kilo tano, shoga."

Fukusi akahamia kwenye mfuko, akatambaa juu ya picha ya Bi Tabu, wala hakuna aliyemfukuza.