Dakika Kumi za Mwanahamisi

Wakubwa waliamua, bila kumuuliza mtu, kompyuta za masjala zing'olewe mfumo wa zamani wa Linux, ziwekwe mwingine. Asubuhi Mzee Shekue akakuta herufi ndogo kama mayai ya chawa, na saa ya kwenye kioo cha kompyuta imerudi nyuma dakika kumi.

"Herufi nimezikuza, baba," alisema Tunu, fundi. "Saa iko sawa."

"Sawa kwa nani? Marehemu mke wangu, Mwanahamisi, ndiye aliyeisogeza mbele, alipochoka kunisubiri hapo mlangoni na chakula cha mchana."

Tunu akaisogeza. Ikarudi yenyewe, kama paka aliyetupwa. Shekue alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Inafuata mtandao wa wakubwa," alisema Tunu. "Niikate?"

"Ikate."

Tunu akaikata, akaisogeza tena dakika kumi mbele; safari hii ikatulia.

Kioo kilipoonyesha saa saba, Shekue alifuta meza, akageuza kiti kuelekea mlangoni.