Mafuta ya Mama Mkwe

"Usitie mafuta wiki nzima," msusi alikuwa amemwonya Raziya. "Nywele zako fupi mno, rasta nilizokuunganishia zitateleza."

Sasa bibi harusi Raziya ameinamisha kichwa mkekani, na mama mkwe, kama ilivyo ada ya kwao, anampaka mafuta ya nazi mbele ya wanawake wanaoimba wakizisifu nywele zake ndefu.

Vidole vikasita. Raziya akahisi msuko mmoja ukichomoka, mzima mzima.

"Bi Shuwena, mbona umeacha kupaka?" shangazi mmoja akauliza.

Mama mkwe aliuchomeka msuko chini ya kanga yake mwenyewe.

"Imbeni!" akasema.

Nyuma yake, Raziya alisikia bakuli la mafuta likiburutwa sakafuni, asijue linasogezwa karibu au linaondolewa.