Kidole Gumba cha Hisyam

"Toa kidole," nikamwambia Hisyam.

Tulikuwa watu saba katikati ya michikichi, matope hadi magotini, ruba wakitunyonya vifundoni. Kila Jumamosi kompyuta hututupia nukta popote kwenye ramani, nasi tunaifuata. Safari haihesabiki mpaka simu ya kiongozi ipigwe picha ikionyesha kuwa umbali uliobaki ni sifuri. Kiongozi wetu Hisyam alikuwa ameziba namba kwa kidole gumba.

"Piga hivyo hivyo bwana, tumefika! Nani atakagua?"

"Nimesema toa!"

Asubuhi alimwacha mama yangu kwenye kibanda cha chai barabarani. "Mama, kwa goti hilo utatuchelewesha," alimwambia mbele ya watu, na hawa wenzangu wakacheka. Mama alibaki na kikaratasi chake alichonakilia namba za nukta ya siku hiyo.

Nikakibandua kile kidole. Kilomita tatu, na mshale ukielekeza nyuma tulikotoka. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa mama, wa saa tatu asubuhi: "Hisyam mwanangu, umekosea tarakimu moja. Nukta iko huku nyuma ya kibanda, nimesimama juu yake. Rudini mnywe chai."

Sasa ilikuwa saa saba. Saa nne nzima ametuburuza matopeni huku anajua!

"Ningewaambiaje?" akanong'ona. "Yule mama na goti lake ndiye amefika kwanza..."

Nikampigia mama kwa simu hiyo hiyo, nikaweka spika, nikamrudishia mkononi.

"Haloo, Hisyam?" Wote wakasikia. "Mko salama? Chai yenu imepoa, mwanangu."