Mgeni Habebeshwi Baiskeli

"Dimbwi lile pale! Unamwachia nani aje aoge?"

Mheshimiwa Bartolomeo, diwani, alikuwa amesimama mbele ya greda, suti ya bluu juu, mabuti ya mvua chini, akimfokea dereva. Dereva alirudi nyuma, akashusha kisu, akalifuta dimbwi. Barabara hiyo ya utelezi mwekundu ilitoka lami ya Karatu ikapanda hadi kijiji cha mwisho, chini ya msitu wa Ngorongoro. Tangu ichongwe haikuwahi kuguswa na chuma kizito kuliko jembe.

Pembeni, Fabian alikuwa ameshika kichwa. Kabla ya Korona alikuwa akiwatembeza watalii kwa baiskeli. Lodge zilipofungwa alirudi kijijini kulima maharage, na ni yeye aliyeleta habari. Alisema kule Ulaya kuna mbio za baiskeli za kwenye matope, mashindano ya kimataifa kabisa, na msimu wote umevurugwa na ugonjwa. Huku wamefuta, kule wameahirisha. Sasa wanatafuta nchi isiyofungia watu ndani, yenye mlima na tope la kutosha. Wameona picha za barabara hii, wameipenda. Tena diwani mwenyeji atapelekwa Ubelgiji kutazama fainali.

Hapo kwenye fainali ndipo Bartolomeo alipokwisha. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Siku ile ile alimtuma mkewe mnadani kumnunulia koti zito la mtumba, na tangu hapo hakuweza kuagiza hata chai bila kuanza na "nikiwa Ubelgiji". Karatu nzima ilishaambiwa. Mbio zisipofanyika, angeuficha wapi uso wake?

"Mheshimiwa, nilikueleza," Fabian alilalamika. "Hawa watu wanataka tope. Pakiwa pabaya wanashuka, wanabeba baiskeli begani, wanakimbia nayo. Ndiyo mchezo wenyewe! Ukisawazisha hivi hawaji."

"Mgeni abebe baiskeli begani? Kwenye kata yangu?" Bartolomeo alimgeukia kwa uchungu wa kweli. "Kijana, wewe unataka dunia nzima inione mshamba."

"Usimsikilize huyu, mheshimiwa," alidakia Germana, shangazi yake Fabian, aliyekuwa amejitwisha karai la kokoto. "Mgeni akija nyumbani unafagia, humwagi matope. Mwambie dereva apandishe mpaka juu kwangu. Wakikosea njia, si watakutana na mashimo?"

Bartolomeo alimtazama mama yule akafarijika. Masika ya mwaka jana mama huyo alikuwa mwiba kwake. Binti yake Brigita alishikwa uchungu mvua ikinyesha, gari likashindwa kupanda, wanaume wakambeba na kitanda mabegani. Waliteleza, wakaanguka, wakainuka. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye tope hilo hilo, akafa kabla hawajaiona lami. Germana alisimama mkutanoni akalia mbele ya watu wote, na Bartolomeo akamjibu kwa upole mkubwa kwamba bajeti hairuhusu.

Na sasa mtazame, anasomba kokoto mwenyewe bila kuitwa! Bartolomeo alijipongeza kimoyomoyo kwamba hatimaye wananchi wake wameelewa maana ya maendeleo.

Kwa Wazungu bajeti iliruhusu bila shida. Alipiga simu kwa wakubwa asubuhi na jioni, akawang'ang'ania mpaka wakampa greda ili wapumzike. Mbio zilikuwa zifanyike Desemba. Desemba ilipokaribia, Fabian alikuja ofisini, akainua simu yake kuelekea dirishani kutafuta mtandao, akasoma ujumbe kwa huzuni: mipaka imefungwa, tusubiri Januari.

"Afadhali," alisema Bartolomeo. "Tutaongeza kifusi."

Januari nayo ikaja na ujumbe wake. Kirusi kipya, wasafiri wamekwama, labda mwisho wa mwezi. Bartolomeo akachimbisha mifereji na kuzika makalavati. Fabian alimsihi aache japo kona moja yenye tope, ya kuonja tu. Akafukuzwa ofisini.

Siku yenyewe ilipofika, barabara ilikuwa imenyooka na kung'aa. Wanafunzi walipangwa pande zote mbili na vibendera. Ngoma zilikuwa tayari. Bartolomeo alisimama juani na koti lake la baridi, akitoa jasho kwa heshima. Mchana ukapita. Ngoma zikaanza kupoa, watoto wakaanza kulilia uji.

Fabian alikuja polepole na simu mkononi.

"Msimu wamefuta wote, mheshimiwa. Tena wanasema wameziona picha mpya za barabara. Hata ugonjwa usingekuwepo, wasingekuja. Hakuna tope."

 Bartolomeo alivua koti, akalikunja kwapani, akashuka zake kwa miguu. Watu waliinamisha vichwa kwa adabu, na wengine walimwonea huruma kweli. Njiani alipishana na teksi kutoka mjini, aina ya gari ambalo halikuwahi kuthubutu kufika huko siku iliyofuata mvua. Ilikuwa inapanda kumchukua Brigita, ambaye mimba yake ya pili ilikuwa imetimia.

Diwani alipopotea kwenye kona, Germana alikaa juu ya kalavati jipya, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Fabian mwanangu, huo mchezo uliutoa wapi?"

"Niliuona kwenye televisheni ya lodge, shangazi."

"Na zile meseji ulizokuwa ukimsomea?"

"Za kampuni ya simu. Kifurushi kimeisha."

Germana alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaangalia upande wa kijijini.

"Haya. Sasa tutafutie mchezo mwingine, ambao Wazungu hawawezi kuucheza bila zahanati."