Kikohozi cha Kasanda

Treni ilikuwa imeshaanza kwenda, na Kasanda akapunga mkono dirishani bila neno, maana siku hizo msafiri huiacha sauti yake nyumbani na kwenda bubu. Sauti ilibaki kwenye kinanda cha kompyuta sebuleni. Nyamizi, mkewe, akigusa kitufe, inasema, "Khm... eeh, mke wangu, hujambo?"

Udadisi ukamwingia. Akaishusha, ikawa nzito kama ya chifu. Akaipandisha, yeye na mama mkwe wake, aliyeishi nao, wakacheka mpaka machozi. Kisha akausogeza mwanzo wa mlio mbele kidogo tu, kikohozi na ile "eeh" vikapotea.

"Mke wangu, hujambo?" Safi kabisa.

"Virudishe, mwanangu," alisema mama mkwe. "Akirudi atarudishiwa kooni kile tu kilichomo kinandani."

"Mama nawe! Tangu niolewe nakisikia hicho kikohozi. Niache nipumzike."

Akahifadhi.

Kasanda akarudi, akarudishiwa sauti. Jioni hiyo jirani akapita kusalimia, akatania, "Bwana Kasanda, hili shamba la marehemu baba yako huliuzi?"

"Nauza," akajibu papo hapo, kisha akajishika koo kama aliyesikia mtu mwingine akisema.

Nyamizi akaelewa. Mumewe alikuwa akifikiria ndani ya kikohozi kile. Akakimbilia kinanda, akakikuta kitupu.

Shamba liliuzwa. Mama mkwe alihamia kwa binti yake mjini Nzega. Kasanda ni mwenyekiti wa mtaa, anapendwa kwa majibu ya haraka. Nyamizi angali naye, na kabla ya kumwuliza jambo, hukohoa yeye.